Uvimbe Mmoja, Hatima Mbili

Ndugu msomaji, chukua wanawake wawili. Wote wana miaka arobaini na kitu, wote wamekutwa na uvimbe wa sentimita mbili titini, na tezi zao za kwapani ziko safi. Wamepasuliwa wiki moja na daktari mmoja. Wa kwanza anarudi kwake, anasomesha watoto, anapakata wajukuu. Wa pili, baada ya miaka mitatu, ugonjwa unamrudia kwenye mifupa, kisha kwenye ini, na tunamzika. Sasa swali: tofauti yao ilikuwa wapi? Mtaani tutasema siku zake zilifika, au tutaanza kumtafuta mbaya wake. Madaktari nao, kwa muda mrefu sana, hawakuwa na jibu bora kuliko letu. Walikuwa wanalisema kwa Kilatini tu.

Najua wapo watakaoniuliza: saratani ya titi na gazeti la waandishi chipukizi, wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba hii ni historia ya kusoma. Ni historia ya watu waliojifunza kusoma alama ndogo mno, alama za protini zilizomo ndani ya seli na juu ya ngozi yake, ambazo zinaeleza uvimbe uliokamatwa mapema unaelekea wapi. Na alama hizo, kama maandishi yoyote, zinaweza kusomwa vizuri, zikasomwa vibaya, au zikaachwa bila kusomwa kabisa. Hapo kwenye kusomwa vibaya ndipo na sisi tunapoingia, kama utakavyoona.

Ng'ombe, kondoo na daktari wa Glasgow

Mwaka 1894 daktari William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alitangaza matokeo ya upasuaji wake uliokuja kutawala dunia. Alikuwa anatoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi za kwapani. Fikra yake ilikuwa kwamba saratani inatambaa kama mizizi ya mti, hivyo ukichimba mbali vya kutosha utaing'oa. Kwa fikra hiyo hatima ya mgonjwa ilikuwa suala la vipimo viwili: uvimbe ni mkubwa kiasi gani, na umefika wapi. Tabia ya uvimbe wenyewe haikuulizwa sana.

Wakati huo huo, kule Uskochi, alikuwepo daktari mwingine, George Beatson. Ujanani alikaa karibu na mashamba ya kondoo akasomea jinsi maziwa yanavyotengenezwa. Alikuwa anajua pia kwamba katika nchi fulani wafugaji humtoa ng'ombe ovari ili aendelee kutoa maziwa. Akajiuliza: kama kiungo cha tumboni kinaweza kuliamrisha titi kutoka mbali namna hiyo, je, hakiwezi kuuamrisha na uvimbe wa titi? Mwaka 1895 alimpasua mwanamke wa miaka 33, mama wa watoto wawili, ambaye saratani yake ilikuwa imesharudi na haikatiki tena. Hakugusa uvimbe. Alitoa ovari. Katika miezi iliyofuata uvimbe ukanywea mpaka ukapotea, na yule mama akaishi karibu miaka minne zaidi. Beatson aliandika habari hiyo katika jarida la Lancet mwaka 1896.

Unaweza kufikiri mambo yaliishia hapo kwa shangwe. Wapi! Wengine walipojaribu njia hiyo waligundua kwamba inafaa kwa mwanamke mmoja kati ya kama watatu hivi. Wawili waliobaki walipasuliwa tumbo bure. Na hakuna aliyeweza kusema kabla ya kisu huyu ni wa kundi lipi. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 60. Baadaye wakaanza hata kutoa tezi za juu ya figo, operesheni nzito kweli kweli, na bado ilikuwa ni kubahatisha.

Mtu aliyepanda mlima kwa upande wa pili

Aliyekata fundo hilo ni Elwood Jensen, mkemia wa Chuo Kikuu cha Chicago. Huyu bwana mwaka 1947, akiwa masomoni Uswisi, aliupanda mlima Matterhorn ingawa hakuwa mpanda milima. Somo alilolichukua huko alilisimulia maisha yake yote: Mwingereza Edward Whymper alishindwa mara nyingi kuupanda mlima ule kwa upande wa Italia, akafaulu mwaka 1865 alipobadili njia na kupitia upande wa Uswisi.

Jensen naye akabadili njia. Wenzake walikuwa wanachunguza homoni ya kike, estrojeni, inafanya nini kwenye mwili. Yeye akauliza kinyume: je, mwili unaifanya nini estrojeni? Akiwa na mwenzake Herbert Jacobson, alitengeneza estrojeni iliyofungwa tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, ili aweze kuifuata kila inakokwenda, kama mtu aliyemfunga kuku uzi mguuni. Wakawadunga panya majike wachanga. Kwenye misuli homoni ilipita ikaondoka. Kwenye mji wa mimba ilikaa, ikang'ang'ania. Maana yake kulikuwa na kitu kinachoishika. Kitu hicho ni protini, nayo ikaitwa kipokezi cha estrojeni.

Jensen alitoa habari hizi mwaka 1958 katika mkutano wa kimataifa huko Vienna. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba chumbani mlikuwa na watu watano, na watatu kati yao walikuwa wanangoja zamu yao ya kuzungumza. Mwandishi chipukizi mwenzangu, unayelalamika kwamba hadithi yako imesomwa na rafiki zako wawili tu, jiliwaze kidogo hapo.

Hatua iliyofuata ilikuwa rahisi kuifikiria lakini ngumu kuifanya: kupima kama uvimbe wa titi nao una kipokezi hicho. Mwaka 1974 watafiti walikusanyika Bethesda, Marekani, wakaweka takwimu zao mezani. Uvimbe wenye kipokezi ulipungua kwa tiba ya homoni kwa wagonjwa 55 hadi 60 katika kila 100. Usiokuwa nacho, wagonjwa wapatao 8 tu katika 100. Yule mmoja kati ya watatu wa enzi za Beatson akawa amepatikana, na anajulikana kabla ya kisu.

Hapo tulikuwa bado tunaongelea wagonjwa walio katika hali mbaya. Mwaka 1977 kikundi cha William McGuire cha San Antonio, Texas, kikatazama wanawake ambao saratani yao ilikuwa ndiyo kwanza imekatwa. Kikaona kwamba wasio na kipokezi ugonjwa uliwarudia mapema zaidi, hata ukiwatenganisha kwa ukubwa wa uvimbe na hali ya tezi zao. Rudi sasa kwa wale wanawake wetu wawili wa mwanzo. Kwa mara ya kwanza ilipatikana protini ambayo ingeweza kuwatofautisha siku ile ile ya operesheni.

Dawa iliyokosea njia

Jibu bila dawa ni nusu jibu. Dawa ilikuwa imekwisha tengenezwa Uingereza mwaka 1962, katika maabara za kampuni ya ICI, na mkemia mwanamke anayeitwa Dora Richardson. Ilikusudiwa izuie mimba. Kwa wanawake ikafanya kinyume, ikachochea mayai kupevuka! Ingeweza kutupwa kapuni. Mwaka 1971 hospitali ya Christie ya Manchester ilichapisha matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa 46 wa saratani ya titi iliyosambaa, na 10 walipata nafuu. Dawa hiyo ndiyo tamoksifeni. Inakaa kwenye kiti cha estrojeni, yaani kwenye kile kipokezi cha Jensen, homoni yenyewe ikija inakuta pamekaliwa.

Mwaka 2011 uchambuzi mkubwa wa majaribio ya nchi nyingi ulionyesha kwamba kwa saratani ya mapema yenye kipokezi, miaka mitano ya vidonge hivyo inapunguza vifo vya ugonjwa huo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Kwa isiyo na kipokezi, haisaidii chochote cha maana. Ni kidonge kidogo cha bei ndogo, lakini kinamfaa tu yule ambaye karatasi yake imeandikwa "chanya".

Msomaji asije akadhani chanya ni cheti cha kupona. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa wanawake zaidi ya 60,000 wa aina hii waliomaliza miaka mitano ya vidonge wakiwa salama. Ugonjwa uliendelea kuwarudia baadhi yao, taratibu, mpaka mwaka wa 20. Uvimbe wenye kipokezi unarudi kwa nadra zaidi katika miaka ya mwanzo, lakini una subira.

Habari mbaya iliyogeuka

Alama ya pili ina historia ya aina nyingine. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipata jeni inayotengeneza protini inayoitwa HER2. Protini hiyo hukaa juu ya seli kama sikio, inasikiliza amri ya "kua". Seli ya kawaida ina masikio machache. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Los Angeles na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba walichunguza vivimbe 189 vya titi, na katika asilimia 30 jeni hiyo ilikuwa imejirudia-rudia. Leo tunajua kiwango halisi ni kati ya asilimia 15 na 20. Seli za namna hiyo zina masikio kila mahali, zinasikia "kua, kua" usiku na mchana. Wanawake hao ugonjwa uliwarudia upesi na walikufa upesi.

Kwa zaidi ya miaka kumi HER2 ilikuwa ni habari mbaya tupu. Hebu fikiria kuambiwa una alama ya kufa mapema na hakuna la kukufanyia. Wapo waliouliza: basi ya nini kupima? Lakini ile alama ilikuwa inaonyesha pia mahali pa kupigia. Ikatengenezwa kingamwili inayoyaziba yale masikio, ikaitwa trastuzumabu, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa uliosambaa. Mwaka 2005 majaribio kwa saratani ya mapema yalionyesha kwamba, ikitolewa pamoja na kemotherapi, inapunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Alama iliyokuwa hukumu ikawa anwani ya dawa.

Hapa pana jambo ambalo hata wasomi hulichanganya. Kuna alama inayokuambia ugonjwa utakwendaje ukiuacha, na kuna alama inayokuambia dawa gani itafanya kazi. Ni vitu viwili tofauti. Mwenye alama mbaya anaweza kuwa ndiye mwenye dawa nzuri. HER2 imetufundisha hivyo.

Alama zilizoshindwa

Historia inayosimulia ushindi mtupu mimi siiamini. Mwaka 1990 kikundi kile kile cha San Antonio kilitangaza kwamba protini nyingine, kathepsini D, inatabiri nani ataugua tena kati ya wanawake ambao tezi zao ziko safi. Watu walifurahi sana, kwa maana hilo ndilo kundi gumu kuliko yote. Mwaka 1994 kikundi hicho hicho kikarudia kazi kwa uangalifu zaidi, kikachapisha kwamba uhusiano ule haukuthibitika. Kujikanusha hadharani si jambo dogo. Lakini alama nyingi zilizopigiwa debe miaka ile zilikwisha vivi hivi, hazikuthibitishwa wala kukanushwa, mpaka mwaka 2005 wataalamu wakatoa kanuni za jinsi ya kuripoti tafiti za namna hii.

Nyingine zilibaki. Ki-67 iligunduliwa na Johannes Gerdes na wenzake huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1983. Jina lake halina fumbo: Ki ni Kiel, na 67 ni namba ya kishimo katika sahani ya maabara ambamo kingamwili yake ilipatikana. Protini hii inaonekana tu kwenye seli inayogawanyika, kwa hiyo ukihesabu ngapi zinayo unajua uvimbe unakimbia au unatembea. Ubaya wake ni kwamba wahesabuji wawili wanaweza kupata hesabu mbili. Mwaka 1988 watafiti wa Dublin walionyesha umuhimu wa urokinasi, kimeng'enya ambacho seli za saratani hukitumia kukata ukuta ili zitoke. Hiyo ilithibitishwa vizuri, ila inataka nyama mbichi iliyogandishwa kwenye barafu kali, na hospitali nyingi duniani hazina nafasi hiyo.

Toka mwaka 2004 vipimo vya jeni 21 kwa mkupuo vimeongezwa, na jaribio lililotolewa mwaka 2018 lilionyesha kwamba wanawake wengi wenye kipokezi na tezi safi hawahitaji kemotherapi. Jamani, hilo nalo ni faida: si kuongezewa dawa tu, bali kuondolewa dawa isiyo na kazi, pamoja na kutapika kwake na kunyonyoka kwake nywele.

Wino uliofutika

Sasa tuje kwetu. Kwa miaka mingi vitabu na makala za kitabibu zilisema kwamba saratani ya titi ya mwanamke wa Kiafrika kwa kawaida haina kipokezi. Eti ndivyo tulivyoumbwa. Hitimisho lake unaliona: kama hawana kipokezi, tamoksifeni ya nini?

Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti za namna hiyo kutoka Afrika nzima, kaskazini na kusini mwa Sahara, wakazilinganisha. Walipata mambo mawili. Kwanza, wanawake wengi wa Kiafrika WANACHO kipokezi. Pili, tafiti zilizotumia vipande vya zamani vilivyohifadhiwa makabatini zilitoa idadi ndogo ya chanya kuliko zilizokusanya vipande vipya kwa utaratibu maalumu. Maana yake sehemu ya "hasi" zetu haikuwa kwenye matiti ya wanawake. Ilikuwa kwenye chupa.

Nieleze. Kipokezi ni protini, na protini inaoza. Kinyama kikishatolewa mwilini kinatakiwa kiingie kwenye formalini ya kutosha, iliyochanganywa sawasawa, ndani ya saa moja, kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Ndivyo mwongozo wa mwaka 2010 ulivyoagiza. Kikicheleweshwa, alama inafutika. Halafu mtu anakuja na hadubini, anatazama, haoni rangi, anaandika: hasi. Hajadanganya. Amesoma ukurasa ambao wino wake ulifutika kabla haujamfikia.

Hili si la vitabuni tu kwangu. Mama yangu mdogo alipasuliwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja, siku ya Ijumaa. Titi zima lilitumbukizwa ndooni bila kuchanjwa, formalini ikiwa kiduchu, likamngoja mtu wa maabara mpaka Jumatatu. Majibu yakaja: vipokezi hasi. Tukajiandaa kwa kemotherapi peke yake. Daktari mwingine, kijana tu, akauliza kama kile kinyama cha mwanzo, kilichochukuliwa kwa sindano, bado kipo. Kilikuwepo. Kilikuwa kidogo, kimeloana formalini vizuri. Kikapimwa, kikatoka chanya, tena chanya sana. Mama mdogo alianza vidonge mwezi ule. Mtu mmoja si takwimu, na sitadai kwamba vidonge ndivyo vinavyomweka hai. Ninachosema ni kwamba alikuwa na haki ya kuvipata, na kidogo avikose kwa sababu ya ndoo.

Nimeandika haya kwa sababu tunapozungumzia saratani tunapenda kuzungumzia mashine kubwa na safari za India. Hizo zina mahali pake. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, limeweka malengo matatu ya kawaida sana: wagonjwa 60 katika 100 wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na wagonjwa 80 katika 100 wamalize tiba yao. Tamoksifeni imo katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu kwa miaka mingi, na trastuzumabu iliongezwa mwaka 2015. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kubeba chupa kwa wakati, formalini ya kutosha, na kingamwili za kupimia ambazo hazijaisha muda wake.

Kwa hiyo, wewe kijana mwenzangu unayesoma hapa, siku mama, dada au shangazi yako atakapotolewa kinyama, uliza mambo mawili kabla hujaondoka pale dirishani. Kimeingia kwenye formalini saa ngapi? Na majibu yatakapokuja, yatakuwa na mistari mitatu: kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni, na HER2? Ukiambiwa havipimwi hapo, uliza vinapimwa wapi. Ukiambiwa vyote ni hasi, uliza bila ugomvi, kwa heshima yote, kama kuna kipande kingine cha kurudia. Kuuliza si kumtukana daktari. Daktari mzuri atafurahi, maana yeye naye anasoma alichopelekewa.